Dramu ya moshi ya jua kali Nakuru: mabega kumi na moja ya nguruwe baadaye, shida bado ni mfuniko

Elfu nane mia tano. Hiyo ndio bei nililipa fundi wa jua kali anitengenezee dramu ya kupikia nyama kwa moshi, bila kuhesabu themomita na bila kuhesabu kamba ya kuziba mfuniko ambayo nilikuja kununua baadaye baada ya kuunguza nyama na kuungua roho, kwa hivo mtu akikuambia dramu ya moshi ni elfu nane mwambie aongeze kama elfu tatu ndio ifanye kazi yake vizuri. Nimekaa nayo miezi minane, iko nyuma ya nyumba huku Kiamunyi, na nimeipikia mabega kumi na moja ya nguruwe ukitoa kuku na samaki ambao siwahesabu. Saa hii naweza kuiongelea bila ile furaha ya mtu amenunua kitu jana.

Najua kuna mtu ataniuliza kwani nguruwe si ni wa kukaanga tu, kavu, na kitunguu na hoho, ugali kando, maneno yaishe. Sina ubaya na huyo wa kukaanga, nimemla miaka yote na bado namla. Hii ni kitu tofauti. Bega zima na mfupa wake linakaa kwa moshi wa pole masaa kumi mpaka kumi na mbili, ukilitoa unalishika na uma mbili linaachana nyuzi nyuzi lenyewe. Hulikati, unalinyambua. Ni mambo ya Wamarekani wa kusini. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ameishi Carolina Kaskazini miaka sita na tangu arudi Kisumu hana hadithi ingine. Anasema mashariki ya hilo jimbo wanachoma nguruwe mzima na kumwagia siki na pilipili basi, ukienda upande wa Lexington wanapika bega peke yake na ile siki yao wanaiongeza ketchup kidogo, na watu wazima na familia zao wanabishana juu ya hiyo ketchup kama vile sisi tunabishana mpira, Gor na Ingwe.

Bega ndio linafaa juu nguruwe anatembea nalo kila siku. Ni nyama ngumu imejaa kano na mafuta katikati, ukiichoma haraka kama mbuzi unatafuna mpaka taya ziume. Ila hizo kano ukizipa joto la chini kwa muda mrefu zinayeyuka zinakua kama ile supu ya miguu ikipoa inaganda. Ndio maana unahitaji kitu ya kushikilia nyuzi 110 mpaka 120 usiku kucha bila wewe kukaa hapo ukipepea, na hapo jiko ya kawaida ya nyama choma, ile nusu dramu imelazwa, haiwezi. Nimejaribu. Joto linapanda linashuka kama mtoto kwa bembea.

Zile za kutoka nje nimeziona kwa duka kubwa, nikageuza kile kikaratasi cha bei, nikakirudisha vile kilikua pole pole kama mtu ameshika nyoka. Hiyo ni pesa ya ndama wa maziwa. Nikaenda kwa fundi wa jua kali.

Dramu yenyewe ni ile ya lita 200, imesimama wima, upana kama sentimita 58. Chini iko na matundu matatu ya hewa yenye bomba na vifuniko vya kufungua na kufunga. Ndani kuna kikapu cha chuma cha makaa, juu yake nafasi kama ya sentimita 60, alafu wavu mbili za kuweka nyama, alafu mfuniko na bomba fupi la kutoa moshi. Hakuna injini, hakuna stima. Yote ni hewa. Ukifungulia hewa chini moto unapanda, ukiibana unashuka, na ukielewa hiyo umeelewa kila kitu kuhusu hii mashine.

Sasa fundi. Kazi yake ya kuchomelea ni safi, hiyo sitamnyima. Hakuna mahali pameachia miezi minane yote. Muda ndio sitaki kuongea sana, aliniambia kesho kutwa jioni, nikapewa dramu siku ya kumi na saba. Kila nikipiga simu ni "boss, imebaki rangi tu". Siku ya kumi nikaenda mwenyewe nikakuta bado ni dramu mzima haijakatwa hata tundu moja, na yeye akaniangalia usoni akasema rangi ndio imebaki. Hapo nilicheka, ungefanya nini.

Lakini kuna vitu mbili lazima ukae macho kabla hajaanza, juu hapo ni afya sio ladha. Kwanza uliza dramu ilibeba nini. Yangu niliihangaikia mpaka nikapata iliyokua ya mafuta ya kupikia. Kama ilibeba dawa ya shamba ama kitu ingine ya kiwandani, achana nayo hata ikioshwa mara mia. Na hata hii ya mafuta mara nyingi ndani imepakwa rangi fulani ya kuzuia kutu, hiyo lazima ichomwe yote iishe. Nilijaza kuni nikawasha moto wa hasira karibu masaa mawili mpaka ndani ikakua kijivu, nikasugua na brashi ya waya, nikapaka mafuta ya kupikia nikaichoma tena bila nyama. Ya pili ni wavu. Fundi alikua amenitayarishia wavu ule unang'aa, wa galvanaizi. Nikamwambia fundi hiyo hapana. Akashangaa kabisa, "boss, lakini hii haishiki kutu". Ni kweli haishiki, juu imepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wa sumu. Tukabishana, mwishowe akanitengenezea na vyuma vya mviringo vya kawaida, akaongeza mia tano. Vinashika kutu ndio, navipaka mafuta baada ya kila mapishi, sio kazi.

Haya, mfuniko. Huu ndio nimekuja kulalamikia. Fundi alikata juu ya dramu akatengeneza mfuniko kutoka kwa hicho kipande, na ukiuweka unaona umekaa vizuri, lakini haukukaa. Kuna nafasi ndogo upande mmoja, ya kupitisha sarafu ya shilingi kumi. Utasema hiyo ni nini. Hiyo ni kila kitu. Makaa yakipata hewa kutoka juu hata ufunge matundu ya chini yote matatu moto hauskii. Bega la kwanza niliweka saa nne usiku, joto likiwa 115, nikaingia kulala nikijiona mjanja. Saa tisa nikatoka na jaketi, Kiamunyi usiku si mchezo, nikakuta themomita iko 180 na nyama nje imekua nyeusi kama sufuria ya matanga. Ndani bado ilikua ngumu. Kilo nne. Mke wangu hakusema kitu, alipika tu mayai.

Mara ya pili nikakumbuka ile mbinu watu wengine hutumia kwa biriani, wanakanda unga wa ngano wanaziba sufuria isitoe mvuke. Nikakanda unga nikazungusha kwa mdomo wa dramu nikabonyeza mfuniko. Na ikafanya! Joto likakaa 115, 118, 112, hapo hapo masaa tisa. Shida tu ni kila ukifungua unakanda upya, na panya na siafu wakakuja kula chapati yangu ya dramu asubuhi. Baadaye nikatafuta ile kamba nyeupe ya kuzungushia milango ya oveni na majiko ya kuni, nikaigundisha na gundi ya joto kali, tangu hapo mfuniko umetulia. Lakini jiulize, mimi mteja ndio nimemalizia kazi ya fundi, na hiyo ndio sababu hii dramu haipati alama zote kutoka kwangu.

Makasoro mengine niyataje haraka. Mkono wa mfuniko ni chuma kitupu, unaungua vidole, nikafunga kipande cha mti. Themomita ya mfuniko aliyoweka inadanganya kama nyuzi 20 hivi, iangalie kama pambo. Rangi ya nje ilianza kubanduka mwezi wa kwanza. Na hakuna sahani ya jivu, kwa hivo ikifika saa ya saba jivu linaziba yale matundu ya chini na moto unaanza kufa wakati nyama inauhitaji. Nilikua napigapiga dramu na mguu jivu lianguke, siku hizi nimeweka sinia kuukuu chini ya kikapu, na kikapu nimekiinua na matofali mawili.

Mazuri sasa. Inakula makaa kidogo sana, hiyo ndio ilinishangaza kuliko yote. Debe moja na kidogo inanipeleka masaa kumi na moja. Siri ni usiwashe yote. Jaza kikapu makaa baridi, washa machache kando kwa jiko, kama kumi tu, uyamwage juu katikati. Moto unashuka pole pole ukijitafutia chakula. Ukiwasha yote mara moja umepika harusi. Makaa ya mgunga ndio nazitafuta, nzito, zinakaa, zile nyepesi zinaisha kabla jogoo awike na zinarusha cheche. Chekecha vumbi kwanza, gunia za siku hizi chini ni vumbi tupu.

Moshi unatoka kwa vipande vya mti, vitano au sita vya ukubwa wa ngumi, unavichanganya katikati ya makaa. Nimejaribu mpera na parachichi. Mpera ni mtamu, hiyo ni chaguo yangu, nilipata jirani amekata wa zamani nikaubeba wote na wilibaro. Parachichi ni mpole, unafaa kuku. Usiweke mkaratasi wala saipresi, najua ndio zimejaa huku kwetu na ndio rahisi kupata, lakini moja ina mafuta yanayonukia kama dawa ya kifua na ingine ina utomvu, nyama itaonja kama ofisi imepakwa vanishi. Na mti uwe umekauka kabisa. Bega langu la tatu niliweka mpera mbichi, ukatoa moshi mweupe mzito kama wa matairi, nyama ikawa chungu mpaka ulimi unakufa ganzi. Moshi mzuri karibu hauonekani, ni ka-ubluu kembamba. Ukiona mweupe mzito ngoja, usiweke nyama.

Kupata nyama yenyewe ni hadithi. Bucha zetu zinajua panga. Unasema "nipatie kilo nne za mkono" kabla umalize sentensi ameshakata vipande vya kukaanga. Nilizunguka bucha tatu mpaka nikapata kijana mmoja aliyenisikiza.

"Nataka mkono wa mbele mzima, na mfupa, usinikatie."

"Mzima mzima? Kwani mko na sherehe?"

"Hapana, ni wangu."

Akaniangalia tena. Saa hii tumezoeana, nampigia simu Alhamisi ananiwekea, mia sita kilo. Huwa nachukua sehemu ya juu ya bega, ile iko na mfupa bapa, kilo nne na kidogo, ngozi namwambia atoe abakishe mafuta kama sentimita moja. Angalia ule muhuri wa mkaguzi. Hii sio mambo ya kujifanya, nguruwe wa kuzurura wako na minyoo ya tegu, Busia na huko kwa wakwe zangu ni shida inajulikana na watafiti wameishughulikia miaka mingi. Bega likipikwa hivi linapita kabisa ile joto ya kuua hiyo minyoo, lakini bado mi sinunui nyama haijapigwa muhuri.

Viungo navyo ni rahisi. Chumvi kama gramu 15 kwa kila kilo, pilipili manga nyingi, paprika, unga wa kitunguu saumu, na sukari nguru. Hiyo sukari nguru inatoka Bungoma, kukhu wa mke wangu, yaani nyanya yake, hutuletea imefungwa kwa majani, naikwaruza na kisu. Ina ladha ya moshi hata kabla ya kuiona moshi. Napaka usiku wa kuamkia, naweka kwa friji.

Sasa tuingie mahali nilipoteza akili.

Nyama inapanda joto vizuri, 40, 50, 60, alafu ikifika 66 ama 67 inasimama. Inasimama tu. Masaa matatu, manne. Mara ya kwanza unafikiri makaa yamekufa, unaongeza hewa, unaharibu kila kitu. Kumbe nyama inatoa jasho. Maji yanatoka ndani yanakauka juu ya nyama na hayo yakikauka yanaipoza, ni ile kazi ya mtungi wa shosh, ule unakaa kwa kona na maji yake ni baridi kuliko ya friji juu udongo unatoa jasho. Moto unasukuma, jasho linapoza, wanatoshana nguvu. Dawa ni kungoja, ama ufunge nyama kwa foili mbili mbili jasho likose pa kwenda. Mi nafunga ikishakua na rangi ya kahawia iliyoiva, nikiikwaruza na kucha ile ganda isitoke. Ukifunga mapema ganda linakua laini kama mkate umelowa.

Alafu ile ingine. Maelezo mengi ya Wamarekani yanasema nyama itolewe ikifika nyuzi 95, 96 ndani. Yangu ilifika 91 ikaanza kutambaa. 92. Saa nzima 92. Nikangoja masaa mawili zaidi, ikagusa 93, nikaitoa kwa hasira nikakuta imepita, chini imekua kama ugali wa mahindi mabovu, unga unga. Nikaamua ile themomita ya kudunga nyama ni mbovu. Mtu akanishauri ujaribu na maji, maji yakichemka lazima isome 100. Nikachemsha maji, nikazamisha, 94. Eeh, nimekupata. Kesho yake nikabeba themomita na risiti mpaka pale dukani niliponunua, nikaanza kufoka kwa kaunta eti mmeniuzia feki. Msichana wa hapo akanisikiza mpaka mwisho, akaniuliza, "Umechemshia wapi?" Nikamwambia si kwangu. "Kwako ni hapa Nakuru?" Ndio. Akasema basi iko sawa, maji ya hapa hayachemki kwa 100.

Unajua hii ni kitu nilisoma fomu ya pili na nikapita mtihani. Nakuru tuko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwa nyuzi kama 94. Nyama sehemu kubwa ni maji. Sasa nangoja nyama ifike 96 na maji yaliyo ndani yake yanaisha kwa 94, si nitangoja mpaka Krismasi. Nikampigia shemeji Kisumu, wao wako chini, mita 1,130 hivi, maji yao yanachemka karibu 96, na ndio maana akipika huko anafika karibu na zile namba zake za Carolina na kunicheka mimi sijui kupika. Nilimwomba yule dada wa duka radhi, nikanunua na brashi ya wavu ndio nisionekane nimekuja kupiga kelele bure.

Tangu hapo sijali namba ya mwisho. Ikipita 88 naanza kuidunga na kijiti cha mishikaki. Kikiingia bila kubishana, vile kinaingia kwa parachichi limeiva, nyama iko tayari. Mara nyingi hapa kwangu ni 90 ama 91. Na ule mfupa bapa unauzungusha na vidole unatoka mkavu, mweupe, hakuna nyama imeshika.

Usinyambue hapo hapo. Ikae saa moja au mawili imefungwa. Mke wangu ako na lile kapu la kupikia bila moto, lile akina mama wa magharibi mwa Kenya wanatengeneza na blanketi na mito ndani, unachemsha githeri kidogo unaifungia inajimalizia yenyewe. Bega linaingia hapo na foili yake na saa mbili baadaye bado linakuunguza vidole. Hiyo ni pesa umeokoa ya kununua boksi la kuhifadhia joto. Kilo nne na mbili zinakupa kama kilo mbili na nusu za kula, usishtuke, ingine yote ni maji na mafuta na mfupa.

Kuhusu majirani. Nilikua napika Ijumaa usiku ndio tule Jumamosi. Jirani yangu wa ukuta ni Msabato, mtu mstaarabu sana, akanivumilia mara mbili, ya tatu akanipigia hodi Jumapili. "Baba Naliaka, mimi siwezi kukukataza chakula chako. Lakini jana tumekua na maombi ya asubuhi na harufu ya huyo mnyama imeingia mpaka watoto wanauliza maswali." Niliona aibu. Nikahamisha siku, sasa nawasha Jumamosi usiku, na usiku ndio kuzuri hata kwa moto juu mchana huku upepo na vumbi, jina la Nakuru lenyewe wanasema ni la Kimaasai, mahali pa vumbi. Nikampikia jirani kuku wa kuomba msamaha. Akauliza kama ni kwa wavu ule ule. Ni ule ule. Akacheka akakataa. Nikarudi kwa fundi akanitengenezea wavu wa tatu, wa kuku na samaki peke yake, nimeufunga utepe mwekundu, na nikiuweka nachoma dramu kwanza saa nzima tupu. Kuku wa pili alikubali. Samaki ngege wa Kisumu kwa huo wavu, masaa mawili na mpera, sitaanza kueleza hapa.

Mvua ikinyesha ifunike na bati na matofali, lakini usiiingize ndani wala kwa veranda imezibwa. Shemeji alitaka tuisukume kwa stoo siku moja ilinyesha, nikamwambia wewe umesahau makaa yanaua, kila mwaka tunasoma mtu amelala na jiko.

Walaji walisemaje. Wanaume wa kwetu walikua wagumu, mmoja aliniambia nyama bila kutafuna ni uji. Watoto wanaiweka kwa chapati na kachumbari wanakunja. Mi naipenda na ugali, nimemwagia siki na pilipili za kuwasha na ile supu imebaki kwa foili, hiyo supu usimwage hata tone. Lakini aliyenimaliza ni kukhu. Alikuja Agosti, ako na meno kama matano hivi, na nguruwe wa kukaanga amekua akimwangalia tu kwa sahani za wengine kwa miaka sijui ngapi. Nikamwekea. Akala kimya. Akaongezewa. Akaongezewa tena, alafu akaniangalia akasema, "Mjukuu, huyu nguruwe alikua mzee kama mimi ama mmemtafunia?" Na akabeba ingine kwa mkebe kurudi nayo Bungoma, safari yote hiyo, nikiwa nimemwambia iwekwe kwa barafu na yeye anasema moshi haiozi.

Kwa hivo dramu, mimi naipa saba kwa kumi. Ingekua tisa kama mfuniko ungekua umekaa kutoka siku ya kwanza. Kama wewe ni mtu wa kuwasha moto saa kumi na mbili utake kula saa mbili, usinunue, utamlaumu fundi bure. Kama uko na usiku mzima na huna haraka, na unaweza kukaa na mtu ya jua kali ukiangalia kila hatua, hakuna kitu ya bei hiyo itakupa hii nyama.

Shemeji ameagiza yake, ya kupelekwa Kisumu na lori ya mtu tunamjua. Fundi amepandisha, sasa ni elfu kumi, anasema vyuma vimepanda. Jana jioni nikapitia kuiangalia kabla nilipe. Nikawasha tochi ya simu nikaiweka ndani, nikafunga mfuniko, giza lilikua limeingia, tukazunguka dramu mimi na yeye tukiinama kama watu wametafuta sindano. Mwanga ulitoka mahali mbili, moja ndefu kama kidole. Hakusema kitu, alichukua nyundo. Nimelipa nusu.